Kahawa ya Abu Sinan

Finjani bado iko juu ya sinia, kahawa imeanza kupoa, na maneno ya Jaji Msellem bin Badr yameshatoka mdomoni wala hayarudi.

"Kunywa, bwana. Haja yako imekidhiwa."

Ndivyo alivyosema, na nyote mlimsikia wiki iliyopita katika ukurasa huu. Mgeni hajasema haja yenyewe ni ipi. Jaji hajauliza.

Aliyepitwa tumsaidie. Huku Omani mgeni akimiminiwa kahawa akaiweka chini bila ya kuigusa, jua ana lake. Hainywi mpaka mwenye nyumba amtamkie kuwa haja yake imekidhiwa, na mwenye nyumba akishatamka ndiyo basi. Akirudi nyuma, aibu yake itafika Salala kabla ya ndege ya asubuhi. Ndiyo maana wenye akili zao huuliza kwanza, "Haja gani, bwana?" Wakishasikia, ndipo wakatamka.

Jaji Msellem hakuuliza kwa sababu alikuwa na hamu. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, aliletwa Maskati mdogo, na kwao kahawa ilikuwa kahawa tu: unakunywa, unamsengenya mtu mmoja au wawili, unakwenda zako kuswali. Mila hii aliiona kwa marehemu baba mkwe wake wa Rustaq, aliyekuwa akiyatamka maneno hayo kwa sauti nzito huku akizishika ndevu zake. Jaji akamwonea wivu miaka yote. Naye alitaka siku moja ayaseme. Lakini nani atampelekea jaji haja nyumbani kwake?

Tena jaji kama huyu. Alianza kazi ukarani, akawa hakimu Ibri, akapelekwa Sur, akapelekwa Salala, akapanda mahkama ya rufaa, mpaka akafika mahkama ya juu kabisa, ambako hukumu yake haikatiwi rufaa ila kwa Mungu na kwa Bi Sayyida mkewe. Kote huko hakuwahi kula cha mtu. Salala alikuta mkungu wa ndizi umeachwa mlangoni, akautia garini akazunguka nao mtaa kwa mtaa akimtafuta mwenyewe, mpaka ndizi zikaiva njiani. Akialikwa harusini, halwa haigusi mpaka aulize bwana harusi mtoto wa nani na ana kesi na nani. Watu wakaacha kumwalika, naye akafikiri mji umekuwa na ustaarabu.

Na sasa minong'ono imeenea kwamba wakati wowote atatajwa kuwa makamu wa rais wa mahkama hiyo. Safari yote ile, kutoka meza ya karani, imebakiza ngazi moja.

Basi leo alasiri binamu yake Suud alipokuja kutoka Sib, akamletea mgeni pale nyumbani Al Khoudh, na mgeni akaiweka finjani chini, Jaji hakuamini bahati yake. Akashika ndevu, akatamka.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mgeni akanywa. Akamiminiwa ya pili, akanywa. Akaitikisa finjani kuonesha kwamba imemtosha, akaiweka, akatabasamu.

"Allah akujaze kheri, sheikh. Umenipa uso mbele ya watu."

"Karibu sana, Abu Sinan. Haya, tuambie sasa. Haja yenyewe nini?"

Suud akacheka mpaka kitambi kikatetemeka. "Yakhe Msellem! Ushahukumu, ndo kwanza unauliza kesi?"

Jaji akacheka naye, lakini si sana. "Kwani, bwana, jina lako khasa nani? Tangu mmeingia Suud anakwita Abu Sinan, Abu Sinan."

"Talal," akajibu mgeni kwa upole. "Talal bin Jaifar."

Kicheko cha Jaji kikakatika.

Jina hilo alikuwa akilisoma wiki nzima, juu ya jalada lililoko mezani kwake. Sura yake hakuwahi kuiona, maana kwenye mahkama ya juu kesi husomwa katika makaratasi. Mawakili ndio huja, wenyewe hubaki majumbani wakila roho zao. Kesi ni ya nyumba kongwe ya Matrah, nyuma ya Bandari ya Sultan Qaboos. Wajane wanaokaa humo wanasema nyumba ni wakfu, iliwekwa na bibi mmoja wa zamani kwa mwanamke yeyote aliyefiwa na mume akakosa pa kwenda. Talal anasema bibi huyo ni wa ukoo wake, nyumba ni urithi, wakfu haupo, na anataka kuigeuza hoteli ya watalii wanaoshuka kwenye meli.

Hukumu ni kesho asubuhi.

Na tuwanong'oneze jambo, lakini lisitoke nje ya gazeti hili. Majaji wa kesi hiyo ni watano. Wawili wameelemea kwa Talal, wawili kwa wajane. Kura zikilingana, inabaki hukumu ya mahkama ya rufaa, nayo ilimpa Talal ushindi. Wa tano ni Jaji Msellem, na Jaji Msellem mji mzima unamjua: katika umri wake wote wa kazi hajapata kuuacha wakfu ukavunjwa.

"Hapo hapo!" Jaji akaruka, mikono masikioni. "Usiseme! Usiseme hata neno! Kama haja yako ni ile nyumba, miye sijasikia, sijasema, na kahawa hujanywa!"

"Kahawa nshakunywa, sheikh."

"Itapike!"

"Msellem!" Suud akapiga ukelele. "Mgeni huyo!"

Talal hakuinuka, wala hakukunja uso. "Astaghfirullah. Miye nije nyumbani kwako kwa kesi? Sina wazimu. Nimekuja kwa jambo la kheri. Nimekuja kumposa binti yako Noof kwa mwanangu Sinan."

Jaji akashusha mikono polepole.

"Posa?"

"Posa."

"Posa tu?"

"Posa tu, sheikh."

"Alhamdulillahi!" Jaji akamkumbatia mgeni mpaka kilemba kikamwenda upande. "Alhamdulillahi Rabbil-alamin!"

Suud akalidaka neno hilo hewani. "Kishasema alhamdulillahi! Kakubali mara mbili, na miye shahidi!" Akatoa simu mfukoni kumpigia muuza mbuzi wa Sib. Suud ni mtu mwema sana, ila akisikia harufu ya biriani hasikii kitu kingine.

Nyuma ya mlango wa ndani mtu akakohoa.

Kikohozi hicho Jaji anakijua. Kwa kikohozi hicho amewahi kuacha sigara, kuuza gari, na kuahirisha safari ya Cairo. Akaomba radhi, akatoka.

Bi Sayyida alikuwa amesimama ukumbini, mikono kiunoni. Alikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana kabla hajastaafu, na wanafunzi wake wa zamani mpaka leo wakimwona sokoni huficha simu zao.

"Ushamuoza mwanangu kwa kahawa?"

"Mke wangu, taratibu, wageni watasikia."

"Nawasikie! Kwa kahawa, Baba Noof! Mie kwetu mlikuja mara nne, baba akakutia jasho mpaka kanzu ikaloa. Wangu umemtoa kwa finjani moja!"

"Sikujua kama ni posa."

"Ulidhani nini?"

"Nlidhani anataka nikamsuluhishe na nduguye, au nikamsomee mtu nikaha. Vitu kama hivyo." Jaji akapunguza sauti, akamsogelea. "Lakini sikiza, mama. Sisi tumeokoka. Mtu huyu ana kesi kwangu, kesho naitolea hukumu. Lau ningemwahidi kesi, leo ningekuwa nimekwisha. Kumbe kesi hakuigusa hata kwa kidole! Yeye anataka udugu tu. Tuwe wakwe. Na mtu akishakuwa mkweo..."

Akakishika kilemba.

"Akishakuwa mkweo nini?"

"Huwezi kumhukumu," akasema Jaji, na sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Lazima nijiondoe. Kesho siwezi kukaa."

"Enhe," akasema Bi Sayyida. "Umefika. Mie nshafika zamani, nakungoja wewe."

Jaji akajiegemeza ukutani. Kumbe ndiyo haja yenyewe hiyo. Akilishika neno lake, kiti chake kesho kinabaki kitupu, mizani inaelemea kwa Talal, na wajane wa Matrah wanatiwa barabarani na mabuibui yao. Akilivunja, yeye Msellem bin Badr atakuwa mtu aliyempa mgeni neno mbele ya shahidi akalimeza. Na katikati ya mambo hayo mawili amekaa Noof, mwanawe wa pekee, ambaye hajaulizwa kitu.

"Umewahukumu watu maisha yako yote baada ya kuwasikiliza," akasema mkewe, sasa bila ya ukali. "Wako peke yake hukumsikiliza."

Neno hilo lilimuuma kuliko yote. Akarekebisha kilemba, akarudi majlisini kwa wageni, kwa ule mwendo wake wa kuingilia mahkamani.

"Abu Sinan. Kesi yako iko mezani kwangu, na weye unajua."

"Mawakili wangu wanajua, sheikh. Nami nawalipa waniambie."

"Unataka nitoke kwenye kiti."

"Nataka mke kwa mwanangu." Talal akachukua tende, akaitazama. "Sheria ikikutoa kwenye kiti, hayo ni yenu nyinyi na sheria yenu."

Suud akateremsha simu sikioni. "Kesi gani tena? Talal, mbona hukunambia habari ya kesi?"

"Hukuniuliza, Suud."

Ukoo huu, wapenzi wasomaji, una maradhi ya kutouliza. Lakini Jaji alikuwa ameshapona. Akakaa, akanyoosha kidole.

"Nimekwambia haja yako imekidhiwa, na neno langu halirudi. Lakini mtu hutoa kilicho chake. Noof si mali yangu. Haolewi mpaka aridhie kwa nafsi yake, na hiyo si mila, ni sheria. Nilichokupa miye ni ruhusa ya kumuuliza. Hicho nimekupa, chukua."

Akatulia kidogo, kwa mazoea, akingoja karani amalize kuandika. Alijipenda sana wakati huo.

"Nimekubali," akasema Talal. "Aulizwe."

Alikubali upesi mno, lakini Jaji hakulitilia maanani hilo, kwa sababu alimjua Noof. Noof ni mwalimu wa sheria chuo kikuu, mwendo mfupi tu kutoka pale nyumbani. Ameposwa na mhandisi wa Suhar akamkataa kwa kuwa alimkatiza maneno. Ameposwa na daktari akamkataa kwa kuwa hakumkatiza hata mara moja, akaona atachoka kubishana peke yake. Hukumu za baba yake huzisoma zikitoka, kisha humweleza makosa yake mezani, samaki akipoa. Binti kama huyo kuposwa na mtoto wa Talal bin Jaifar, kwa finjani? Jaji alianza hata kumwonea huruma mgeni.

Hakuwa na haja ya kumwita. Noof alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, baba asimwone, tangu lile neno "itapike". Akaingia na abaya yake ya kazini, mkoba bado begani, akasimama.

"Noof, mwanangu," akasema Jaji. "Huyu ni Talal bin Jaifar. Anamposea mwanawe, Sinan. Hulazimishwi na mtu. Sema utakalo."

Noof akatazama zulia.

"Sema, mwanangu. Usione haya, sote watu wazima."

Noof akaendelea kutazama zulia, na uso wake ukaanza kuwiva.

Mnajua, na asiyejua na ajue leo, kwamba mwari akiulizwa habari ya kuolewa akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Jaji anaijua kanuni hiyo kwa moyo. Ameifundisha, ameiandika, amehukumu kwayo. Hakupata kufikiria kwamba ingemhusu Noof, kwa sababu Noof hajanyamaza tangu alipojua kusema.

"Noof! Sema kitu!"

Kimya.

"Anaumwa na koo," Jaji akamwambia mgeni. "Tangu jana. Hawa walimu..."

Suud hakungoja zaidi. Akapiga kigelegele, mwanamume mzima na ndevu zake, mpaka Bi Sayyida kule ukumbini akaziba uso kwa mtandio.

Jaji alimtazama mwanawe, na hapo ndipo alipoona. Noof alikuwa akilichekea zulia. Huyu Sinan hakuwa jina geni kwake. Jaji akahisi furaha, na wivu, na khofu, vyote vikamshika roho kwa pamoja, akakosa pa kuanzia.

"Unamjua?" akauliza taratibu.

"Namjua, baba. Alikuja chuoni kuwasomesha wanafunzi habari za majumba ya kale."

"Na kesi ya baba yake?"

"Nikijua ana kesi. Sikujua kama iko kwako, mpaka leo. Wewe nyumbani husemi hata kama umekula mchana."

Talal akainuka, akainua viganja. "Basi imekwisha. Tusome fatiha."

"Bado, ami," akasema Noof.

Alikuwa ameinua kichwa, na sauti ilikuwa ile yake ya siku zote, ile ya samaki akipoa. Jaji akaijua, akakaa sawa.

"Nimeridhia," akasema Noof. "Lakini mahari sijataja."

Talal akacheka kwa raha. "Taja, binti yangu! Taja utakacho. Atatoa Sinan, na akishindwa nitatoa miye."

"Ami Suud, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Baba?"

"Nimesikia."

"Nataka nyumba ya Matrah."

Mkono wa Talal ukabaki hewani. Suud akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo si chake.

"Ile... ile ina kesi, binti yangu."

"Yako au si yako?"

"Yangu! Miaka yote nasema ni yangu!"

"Basi ndiyo mahari yangu. Nipe."

"Siwezi kumpa mtu nyumba ambayo..." Talal akajing'ata ulimi.

Jaji alikuwa ameinama mbele hata akakaribia kuanguka kutoka kwenye mto. Wangapi wamekaa mbele yake na mawakili wa nguo za ghali, na hakupata kuona mtu akibanwa namna hii! Mahari hutolewa kwa kitu unachokimiliki. Talal akisema natoa, hoteli imemponyoka, na Noof atawarudishia wajane nyumba yao kabla halwa ya harusi haijaisha. Akisema sitoi, posa ameivunja yeye kwa mkono wake, Jaji neno lake hakulirudisha, na kesho anakaa kitini pake kama kawaida. Jaji alitaka kumbusu mwanawe kwenye paji la uso. Akajizuia, kwa heshima ya baraza.

Ndipo mlango wa nje ulipofunguliwa.

Kijana mrefu akasimama kizingitini, viatu mkononi. Alikuwa amekaa garini muda wote, kama ilivyo adabu ya anayeposewa, na alikuja kumwambia baba yake kwamba magharibi imekaribia. Aliyoyasikia pale mlangoni yalimtosha.

"Usimjibu, baba," akasema Sinan. "Mahari natoa miye, na kumjibu nitamjibu miye."

"Rudi garini!"

Sinan hakurudi. Alimtazama Noof.

"Siwezi kukupa nyumba ile, Noof. Si yetu. Bibi yangu, mama yake baba, alitwambia miye na baba, tumekaa kitandani pake, siku anaumwa. Nyumba ya Matrah ni ya wakfu, ya wajane, msiile. Na baba akamwambia, nimesikia, mama."

"Nyamaza!" Talal uso ulimwiva. "Mtoto huyu kapagawa! Kalishwa kitu! Twende!"

Sinan akakaa kitako, pale pale zuliani.

Talal akampita kwa hasira, akachopeka miguu kwenye viatu, akatoka akigonga bakora kwenye vigae mpaka nje.

Suud akahema. "Sasa jamani, tumeoza au hatujaoza? Mbuzi nshamwagiza."

Jaji alikuwa amesimama katikati ya majlisi, amekuwa mweupe. Alichokisikia hawezi kukitoa masikioni. Jaji akisikia ungamo la kesi nje ya mahkama, hawi tena jaji wa kesi hiyo. Anakuwa shahidi kama mtu mwingine yeyote, anakula kiapo na kuulizwa maswali.

Angeweza kunyamaza. Tuseme kweli, alilifikiria. Nani atajua? Kesho angekaa, angetoa kura yake, wajane wangelala salama, na lile tangazo la umakamu lingesomwa. Alimtazama mkewe mlangoni, akatamani akohoe, ajue la kufanya. Bi Sayyida alimtazama tu, na safari hii hakukohoa.

Jaji akatoa simu, akampigia rais wa mahkama.

"Msellem!" Sauti ikaja kwa furaha. "Ndo kwanza tunakutaja hapa. Kheri tu, utasikia."

"Sheikh, kabla ya hiyo kheri. Kesi ya nyumba ya Matrah kesho sikai. Mwenye kesi amekuja kwangu, amekunywa kahawa yangu, nimempa neno kabla ya kumuuliza, na nimesikia maneno ya kesi kwa masikio yangu. Nitakuja, lakini nitakuja kama shahidi."



"Ndugu yangu," rais akasema kwa huzuni. "Utasimama uyaseme hayo yote mbele ya watu? Na habari ya kahawa?"

"Na habari ya kahawa."

"Basi unajua ile kheri itakwenda wapi. Nikate simu, ufikiri mpaka asubuhi?"

Jaji alimwona Noof akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Huyu ndiye aliyekuwa akimweleza makosa yake kila wiki, na sasa hakuwa na hata moja la kumweleza.

"Usikate, sheikh," akasema Jaji Msellem. "Andika."

Alipoiweka simu chini alihisi kifua chepesi. Alikuwa amepoteza ngazi ile ya mwisho, na ajabu ni kwamba hakuumia kama alivyodhani. Alijiona mtu. Akasogea dirishani kupata hewa.

Gari ya Talal ilikuwa haijaondoka. Talal mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yake, simu sikioni, na hasira hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa akicheka. Alipomwona Jaji dirishani akampungia mkono kwa adabu kabisa, kama mkwe anavyompungia mkwe.

Jaji hakupunga. Alikuwa ameelewa.

Kiti kitupu. Abu Sinan alikuja kutafuta kiti kitupu, basi, na kiti amepewa. Kumpa binti ni ukwe, kumnyima binti ni ugomvi na mwenye kesi, kusikia ungamo ni ushahidi: yote yalikuwa yanamfikisha mlango ule ule. Na ungamo lenyewe ni la nani? Mwanafunzi wa Noof wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ungamo la mwana halimfungi baba. Bibi ameshakufa. Suud ataulizwa alisikia nini, atajibu habari za mbuzi. Yeye Jaji ataeleza aliyoyasikia kwa Sinan, na wakili wa Talal atasimama acheke. Hakubaki mtu duniani wa kuiokoa nyumba ile ila yule aliyekaa kitandani pa bibi akayasikia.

Jaji akageuka.

"Sinan, mwanangu," akasema. "Kesho utakwenda nami mahkamani, ukayaseme uliyoyasema hapa, mbele ya baba yako?"

Nje honi ikalia, mara moja, taratibu, ya mtu asiye na wasiwasi. Kijana akamtazama Noof, kisha akanyoosha mkono, akavuta viatu vyake. Vya kumfuata baba garini, au vya kwenda mahkamani? Tukutane wiki ijayo.